Kula Wewe Kwanza

Baada ya ule ukame mrefu nilipata kazi ya siku mbili ya ukalimani mjini Garissa. Warsha ilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli: viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, chupa za maji zimepangwa mezani, feni zinazunguka bila kuleta upepo. Shirika lililoandaa silitaji. Ukibadilisha nembo kwenye fulana zao utapata lingine lile lile. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza maneno ya wataalamu yawe Kisomali, na maneno ya wazee na kina mama yawe Kiswahili.

Mada ilikuwa kaktasi. Kamusi zina mpungate na dungusi kakati, lakini mtaani tunasema kaktasi, basi nami nitasema hivyo. Mtaalamu alikuwa kijana mpole, amejiandaa vizuri. Alituonyesha picha za mmea umesimama kijani kwenye udongo uliopasuka. Akasema huu ni mmea usioogopa jua. Majani yake, yale mapana kama viganja vya mkono, yanaweza kulisha mifugo na hata watu. Akasema jamii za wafugaji zikikubali "kubadili mtazamo kuhusu chakula", ukame hautakuwa janga tena.

Nikatafsiri. Neno kwa neno, kwa sauti yangu mwenyewe, nikawaambia watu waliozika ngamia wao kwamba tatizo liko kwenye mtazamo.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akainua bakora. Alikuwa na ndevu nyekundu za hina na shati lililopigwa pasi.

"Adeer," akaniambia, "hebu muulize huyu kijana. Yeye ashakula?"

Nikauliza. Mtaalamu akacheka kidogo, akasema bado, ila amesoma mengi kuhusu lishe yake.

Saa saba tukaenda kula. Kulikuwa na pilau, mbuzi wa kuchoma, kuku, kachumbari, tikiti maji na soda za kila rangi. Kaktasi haikuwepo, hata kipande cha kuonjeshwa. Mzee alikula polepole, akanawa mikono, kisha akaniinamia.

"Adeer, hawa watu wanatupenda sana. Wametuachia kaktasi yote."

Niseme mapema ili usinielewe vibaya: mimi nakula kaktasi, na naipenda. Nitakuonyesha hapa chini jinsi ya kuipika. Sina ugomvi na mmea. Nina ugomvi na mlango unaoingilia. Chakula kikiingia Garissa juu ya lori la msaada, kikiwa na jina la "chakula cha njaa", watu watakila siku wanakosa kingine na kukikimbia siku mvua ikinyesha. Na watakuwa na haki. Hakuna binadamu anayetaka kukumbuka siku yake mbaya kila akiangalia sahani.

Kwanza tuipe kaktasi haki yake. Ni mmea wa ajabu. Mimea mingi hufungua vinyweleo vyake mchana na kupoteza maji juani. Kaktasi huvifunga mchana na kuvifungua usiku, hewa ikishapoa. Ndiyo maana inasimama pale mahindi yanapolala. Na vile tunavyoita majani kwa kweli ni mashina yaliyobapa, ghala la maji. Takribani sehemu tisa kati ya kumi za kiganja kimoja ni maji. Kuna madini ya chokaa na nyuzinyuzi nzuri kwa tumbo. Protini ni kidogo na nguvu ni kidogo.

Hapo ndipo slaidi zilipoteleza haraka. Kiganja cha kaktasi ni mboga. Mboga haichukui nafasi ya maziwa ya ngamia. Mtoto aliyezoea kunywa maziwa asubuhi na jioni ukimpa mboga yenye maji utakuwa umemjaza tumbo tu. Hata ng'ombe ukimlisha kaktasi peke yake, bila nyasi kavu, ataharisha. Mfugaji yeyote angekuambia hivyo siku ya pili.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Misimu mitano. Watu wa Balambala, Lagdera na Fafi waliona mizoga barabarani kama alama za kilomita. Kisha mwisho wa 2023 ikaja El Niño, mto Tana ukavunja kingo, maji yakaingia nyumba za Garissa mjini. Aliyepoteza mifugo kwa kiu akapoteza godoro kwa mafuriko. Mtu wa namna hiyo ana maswali makubwa: visima viko wapi, bima ya mifugo inalipa nani, njia za kuhamia malisho zimefungwa na nani. Ukimjibu kwa picha ya kaktasi, umebadilisha mada.

Halafu kuna kumbukumbu. Wataalamu huja Garissa kana kwamba hakuna mmea wa kigeni uliowahi kuletwa kwetu. Mathenge je?

Kama hujawahi kuutembelea Kaskazini Mashariki, mathenge ni ule mti wa miiba unaouona ukishavuka daraja la Tana, umefunga kingo za mto na njia za mifugo. Asili yake ni Amerika. Ulipandwa Kenya miaka ya 1970 na 1980, Bamburi kule Mombasa, Baringo, mabonde ya Tana, kwa nia nzuri kabisa: kuni, kivuli, kuzuia jangwa. Kisha ukakataa kukaa pale ulipowekwa. Maganda yake ni matamu, mbuzi wanayapenda, na utamu huo ukang'oa meno yao. Mwaka 2006 watu wa Baringo walienda mahakamani Nairobi kuishtaki serikali, wakaja na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Nilipokuwa mtoto nilidhani hiyo ni hadithi ya kuchekesha. Sasa nikiikumbuka nawaona wale wafugaji, wamesafiri na mbuzi mpaka Nairobi kwa sababu maneno yao matupu hayakutosha.

Wasomali wengine huuita mti huo garanwaa. Maana yake ni asiyejulikana. Fikiria umeletewa kitu nyumbani kwako, kimejaa mpaka mlangoni, na jina ulilobaki nalo ni hilo.

Kaktasi yenyewe pia ina historia hapa nchini, na si nzuri. Laikipia, upande wa Dol Dol, aina moja ya kaktasi iliyoletwa enzi za ukoloni kuwa ua wa boma imekula malisho, ekari baada ya ekari. Nyani na ndovu wanakula matunda na kupeleka mbegu mbali. Mbuzi na kondoo wakila, vimwiba vidogo kama nywele vinawachoma fizi, ulimi, mpaka utumbo. Kina mama wa huko wamejifunza kutengeneza juisi na jemu kutokana na matunda hayo, na nawapigia makofi. Lakini waulize kama wangechagua jemu au malisho.

Na kama unafikiri shida ni mmea tu, nenda kusini mwa Madagaska. Kaktasi ilifikishwa kule na Mfaransa mmoja mwaka 1769. Watu wa Androy wakaifanya yao kwa vizazi: ua wa kijiji, lishe ya ng'ombe, matunda, maji ya msimu wa kiangazi. Mwaka 1924 wakoloni wakaingiza mdudu anayekula kaktasi. Ndani ya miaka michache mmea ukafa eneo zima, ng'ombe wakafa, njaa ikaua watu na wengine wakahama. Kuletwa hawakuulizwa, kuuawa hawakuulizwa. Hilo ndilo ninalolisema. Swali la kwanza kuhusu mmea ni nani ameamua na nani atabaki nao.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu huko ndiko warsha ilipopaswa kuanza.

Mimi nilijifunzia Eastleigh. Jirani yangu ghorofa ya tatu ni mama kutoka Tigray. Kwao wana tunda la kaktasi wanaloliita beles, na akilizungumzia sauti yake inabadilika kama mtu anayetaja bahari. Msimu wake watoto huliuza barabarani, unamenyewa palepale, unakula la baridi asubuhi. Nikamuuliza kuhusu viganja. Akashangaa. "Hivyo ni vya ng'ombe," akasema. Kwa hiyo hata palipo na mapenzi makubwa ya kaktasi, kiganja kinaweza kubaki cha mifugo. Mexico ni tofauti. Kule kiganja kinaitwa nopal, kimekaa kwenye bendera ya taifa chini ya tai, na kinaliwa na tajiri na maskini, asubuhi na mayai, mchana na nyama. Milpa Alta, pembeni mwa jiji la Mexico, wanakilima kama sisi tunavyolima sukuma wiki. Hakuna anayekiita chakula cha ukame. Kinaitwa chakula.

Rafiki yangu wa chuo, anayetoka Nanyuki, akaniletea viganja vitano ndani ya katoni, kutoka ua wa kwao, aina isiyo na miiba mirefu. Hiki ndicho nilichofanya, baada ya kuharibu viwili.

Chagua viganja vichanga, vyenye ukubwa wa mkono wako, kijani king'aavu. Vikubwa vina nyuzi kama kamba. Vishike kwa koleo, usiguse kwa mkono, hata ile aina inayosemekana haina miiba; ina vimwiba vidogo usivyoviona mpaka vikuingie kwenye kidole na ukae navyo siku tatu. Vipitishe juu ya moto wa jiko, upande huu na upande ule, viungue vimwiba. Kisha kwangua kwa kisu, ukate ukingo wote wa pembeni na kile kisehemu kigumu cha chini. Osha vizuri.

Hapa kuna onyo ambalo sikulisikia kwenye ile warsha. Kwetu kuna mimea mingi ya asili inayofanana na kaktasi lakini si kaktasi. Ukikata mmea ukatoa utomvu mweupe kama maziwa, weka kisu chini. Utomvu huo ni sumu, na ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Kaktasi ya kula haitoi maziwa, inatoa ute usio na rangi. Mtu akisambaza picha ya kaktasi kwa watu wenye njaa bila kuwaambia hilo, anacheza na macho ya watoto wa wenyewe.

Turudi kwenye sufuria. Katakata viganja vipande vyembamba, chemsha na chumvi na nusu kitunguu kama dakika kumi na tano, mpaka rangi itoke kijani king'aavu iwe kama ya zeituni. Utaona ute. Usikimbie. Kama umekula bamia, umekula ute. Kama umelelewa na mama wa Kiluhya, mrenda umeshakutana nao. Mwaga maji, suuza kwa maji baridi, chuja. Kisha kaanga kitunguu, nyanya, bizari kidogo, tia vile vipande, malizia na dania na ndimu. Njia nyingine ni kutochemsha kabisa: kichane kiganja kizima mistari, kipake mafuta na chumvi, kiweke juu ya makaa mpaka kilegee na kupata alama nyeusi. Ladha ni kama maharagwe mateke yaliyokamuliwa ndimu. Ina uchachu wake.

Likizo iliyofuata nikapanda basi na katoni nyingine. Safari ya Nairobi hadi Garissa ni kama kilomita 370, na njia nzima konda aliniuliza kama nimebeba dawa. Nyumbani, ayeeyo wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka na chai ya maziwa ya ngamia. Nikapika, nikamwekea kwenye sahani pamoja na anjera.

"Ayeeyo," akaniambia, maana kwetu bibi na mjukuu huitana jina moja, "hii ni nini?"

"Ni kaktasi, ayeeyo. Tiin."

"Tiin najua. Tunda lake nilikula nikiwa msichana. Hii ni mti."

"Kula kidogo tu."

Akasema bismillahi, akakunja kipande ndani ya anjera. Akatafuna muda mrefu. Nikangoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

"Lete basbaas," akasema. Nikaleta pilipili. Akamwagia. Akala tena. Kisha akaangalia huku na huku kwenye sinia. "Sasa nyama iko wapi?"

Sikuweza kucheka kwa sauti, ni bibi yangu. Lakini swali lile lilinifundisha zaidi ya siku mbili za slaidi. Hakukataa chakula. Alikiweka mahali pake: pembeni mwa nyama, chini ya pilipili, ndani ya anjera. Jioni akaniuliza kama kimebaki, akakila na nyirinyiri. Na siku ya tatu akauliza kama mti wenyewe unaweza kukaa kwenye debe pale uani, karibu na bafu, unywe maji ya kuogea. "Kwenye debe," akarudia. "Si huko nje. Huko nje mathenge inatosha."

Ayeeyo wangu hajasoma darasa moja. Kwa sentensi tatu alitoa sera nzima: onja, upate mahali pake kwenye sinia, kisha uufunge.

Sasa nina neno na sisi wenyewe, maana nisipolisema nitakuwa nimewapendelea watu wangu. Tuna kiburi na majani. Kijana wa kwetu anaweza kula suqaar mara mbili kwa siku na akiletewa mboga anauliza nani mgonjwa. Tumelelewa kuamini kwamba mtu anayekula majani ameishiwa. Wakati huo huo, yule yule kijana akifika Nairobi atalipa pesa nzuri kwa glasi ya juisi ya kijani kwa sababu imepigwa picha vizuri. Mimi mwenyewe nimo. Tunadharau kitu kikiwa uani kwa bibi na kukiheshimu kikiwa kwenye menyu. Dharau hiyo na ile ya mwenye slaidi ni ndugu. Wote wawili tunaamini kuna chakula cha watu na chakula cha wenye shida.

Najua jibu litakalokuja, nimelisikia tayari: "Watu wanakufa njaa, wewe unazungumzia heshima na ndimu?" Ndiyo. Kwa sababu msaada wa dharura una vyakula vyake vinavyojulikana, na mtu mwenye njaa leo hawezi kungoja kiganja kiote. Kaktasi ukiipanda leo huivuni kesho. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya mtu anayekufa leo ili umuuzie mradi wa miaka mitano. Kama ni mradi wa miaka mitano, basi kuna muda wa kuuliza, kuna muda wa kupika na kuonja.

Ninachotaka si kikubwa. Anayeleta kaktasi Garissa alete pamoja na mpishi, si projekta. Ailete ile isiyo na miiba, ndani ya ua wa watu waliokubali kuitunza, na aandike kwa mkono wake ni nani atakayegharamia kuing'oa ikitoroka kwenda malishoni. Asimamishe mazungumzo ya visima na mifugo kwa sababu eti sasa kuna kaktasi. Na aiweke mezani, wakati wa chakula cha mchana, pale hotelini, pale wanapokaa wageni wa heshima.

Mwezi uliopita mtu wa warsha nyingine alinipigia. Mada ni "vyakula vinavyostahimili tabianchi", siku tatu, malipo mazuri. Nilimwambia nitakuja kutafsiri, ila anitumie kwanza menyu ya mchana. Akanyamaza kidogo, akauliza kama nina mzio wa chakula chochote.

Nikamwambia hapana, nina wazee watakaoniuliza swali.